Kuchora dhahania kutokana na picha zako mwenyewe, na kuupiga picha mchoro ukishakamilika

Swali: Shikamoo mwalimu. Ni mchoraji wa Tanga, nachora dhahania (michoro isiyoonyesha kitu kinachotambulika) kwa akriliki, huu mwaka wa nne. Kila nikitembea napiga picha kwa simu: kuta zilizobambuka za nyumba za zamani, mabati yenye kutu, matumbo ya mashua pale Sahare. Nikichora huku naitazama picha, natoka na nakala mbaya ya picha. Nikiiweka kando, mchoro wa leo unafanana na wa jana. Nikimaliza na kuupiga picha nimtumie mteja, buluu inageuka zambarau na katikati kuna mng'ao. Nakosea wapi? Nimeambatisha picha tatu na mchoro mmoja.

Jibu: Marahaba. Kiswahili chetu huita vyote viwili picha, kwa hiyo tukubaliane mapema: hapa "picha" ni ya kamera na "mchoro" ni wa brashi. Maswali yako mawili yana mzizi mmoja. Unapochora, unaiachia picha ikuamulie umbo, rangi, mpaka na vipimo kwa pamoja. Unapoupiga picha mchoro, unaiachia simu ikuamulie mwanga, weupe na ukali wa rangi. Kwenye picha ya chanzo chukua jambo moja tu, kisha ifiche. Picha ya mchoro usiiruhusu kuamua lolote.

Picha ya mashua

Nianze na hii, maana ndiyo nzuri kuliko zote tatu na ndiyo uliyoiharibu zaidi. Mashua imelala ubavu mchangani, maji yamekupwa. Chini kuna mkanda mweupe mchafu wa shahamu na chokaa. Juu yake ni mbao zilizokunywa sifa (mafuta ya papa) hadi zikawa nyeusi ya kahawia, na kati ya ubao na ubao kuna mistari ya kalafati (pamba ya kuziba nyufa), mingine imefumuka ikatoa pamba. Lakini ulisimama hatua tano nyuma, kwa hiyo umebeba na nanga, na ndoo, na kipande cha anga. Ndiyo maana mchoro wako umekuwa "mashua". Jicho la mtazamaji likishaiona nanga limepata jibu, halitafuti tena.

Ikate. Bakiza theluthi ya kati tu, pale weupe unapokutana na weusi. Utabaki na eneo kubwa jeusi lililoegemea eneo dogo jeupe, mpaka kati yake usionyooka, na mistari mitano myembamba inayokatiza kwa mshazari. Hapo hakuna mashua, lakini uzito wa mashua upo.

Aliyeionyesha njia hii kwa kamera ni Mmarekani Aaron Siskind. Alianza na picha za maisha ya watu, zikiwemo za mtaa wa Harlem, kisha miaka ya 1940 akageukia kuta, rangi zilizobambuka, mabaki ya mabango na vipande vya kamba. Alisogea karibu, akasimama mraba, yaani ana kwa ana na kitu, akaondoa kila kinachoonyesha ukubwa wake. Picha zake ziliwekwa katika Egan Gallery ya New York pamoja na kazi za wachoraji wa dhahania, na hazikuonekana za ugenini. Mafunzo yako ya kupiga picha yote yamo katika mambo hayo matatu: karibu, mraba, bila kipimo.

Kwa vitendo, chagua uso mmoja na uupige kwa umbali wa mita 3, mita 1, na sentimita 30. Simu iwe sambamba na ukuta. Usiielekeze juu wala chini, maana mistari ikianza kukimbilia kona, ukuta unakuwa "mahali" badala ya kuwa uso bapa. Tumia kamera kuu ya simu. Ile ya upana mkubwa inapinda kingo.

Ukitaka mikwaruzo na mabonde, piga kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi na nusu jioni, jua likiwa linaupaka ukuta kwa ubavu. Saa sita mchana kwetu jua liko utosini na uso unaolala chini unaonekana umepigwa pasi. Ukitaka rangi kuliko mikwaruzo, subiri wingu. Mashua zifuate siku za bamvua (maji makubwa) maji yakikupwa, kwa sababu ndipo mafundi wanapozilaza na kuzikwangua, na tumbo lililokwanguliwa nusu lina mengi kuliko lililokwisha kupakwa. Muombe ruhusa mwenye chombo, hata kama humpigi yeye.

Picha ya pili, ya mabati, ni nzuri lakini imejaa: kila mahali pana kutu ya kiwango kilekile. Irudie ukitafuta sehemu ambayo kutu inaanzia kwenye tundu la msumari na kushuka. Picha ya tatu ina herufi za tangazo. Achana nayo, au kata herufi zote, kwa sababu neno likisomeka linameza mchoro mzima.

Kupunguza kabla ya kuchora

Ukishapiga, zikalishe wiki moja. Siku ileile bado unakumbuka upepo, harufu ya samaki na mtu uliyeongea naye, unadhani vimo kwenye picha kumbe vimo kichwani mwako. Baada ya wiki picha inabaki na vyake tu.

Chapisha zile unazozipenda kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15, nyeusi na nyeupe, kwenye karatasi ya kawaida ya steshenari. Usichapishe kwa rangi, sababu nitaieleza. Kata kadi ngumu mbili zenye umbo la herufi L, zipange juu ya picha kama fremu, uzisogeze ndani na nje hadi upate kipande kinachosimama. Kipindue juu chini. Kama kimesimama vilevile, kichukue. Angalia pia uwiano: kama kitambaa chako ni sentimita 60 kwa 80, kipande kiwe na uwiano wa 3 kwa 4. Wengi huchagua kipande cha mraba kisha wakakivuta kijae kitambaa kirefu, halafu wakashangaa mvutano umeenda wapi.

Sasa kigawanye katika viwango vitatu tu: nyeusi, kijivu, nyeupe. Unaweza kufanya kwa programu ya kuhariri, ongeza kontrasti hadi kijivu kiwe cha aina moja, au kwa mkono kwa kalamu nene. Jiulize ni kiwango kipi kina eneo kubwa zaidi. Vikiwa theluthi, theluthi, theluthi, mchoro utakuwa umelala. Kwenye kipande cha mashua, weusi ni karibu sehemu sita kati ya kumi, kijivu tatu, weupe moja, na ule weupe mdogo ndio unaobeba kila kitu. Kipande kisichosimama kwa viwango vitatu hakitaokolewa na rangi.

Kisha chora vijichoro vitatu vya sentimita 6 kwa 8, dakika tatu kila kimoja. Cha kwanza ukiitazama picha. Cha pili ukikitazama cha kwanza. Cha tatu bila kutazama chochote. Picha itie kwenye bahasha, bahasha itie kwenye droo. Kijichoro cha tatu ndicho utakachokipeleka kwenye kitambaa, kwa kuzidisha kila kipimo mara kumi.

Usidhani hii ni hila ya wanafunzi. Inasimuliwa kwamba Franz Kline, mchoraji wa dhahania wa Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa kwenye studio ya mchoraji mwenzake Willem de Kooning, wakachukua kijichoro chake cha kiti cha kubembea wakakirusha ukutani kwa mashine ya kukuza iitwayo Bell-Opticon. Kiti kikapotea, ikabaki milia mikubwa ya wino ikivuka mipaka ya ukuta. Angalia kilichokuzwa: ni mchoro wa mkono, wala si picha ya kiti. Ukikuza picha, unakuza habari. Ukikuza kijichoro, unakuza uamuzi wa mkono wako, pamoja na mapengo yake.

Mchoraji wa Marekani Ellsworth Kelly naye ni wa kumtazama, kwa sababu alichota karibu kila umbo kwenye vitu alivyoviona. Mwaka 1949 alitengeneza kazi iliyotokana na dirisha la jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa jijini Paris. Mwaka 1950, vivuli vya reli vilivyovunjikavunjika juu ya vidato vya ngazi ya nyumba moja huko Ufaransa vikawa mfululizo wa La Combe. Alipiga picha pia, lakini hakuzifanya kuwa nakala za kuchorea. Zilikuwa mazoezi ya kuona. Ndiyo nafasi ninayokushauri kuipa simu yako.

Rangi usiichukue kwenye picha

Simu haikuonyeshi rangi iliyokuwepo, inakuonyesha rangi iliyokisia kuwa utaipenda. Anga inaongezwa buluu, majani yanaongezwa kijani, kivuli kinafunguliwa. Ukichanganya rangi ukiitazama skrini unanakili ladha ya aliyetengeneza simu. Rangi ichukue palepale.

Beba kadi nyeupe za sentimita 10 kwa 15, tyubu tano, kisu cha rangi na kitambaa cha kufutia. Changanya, paka kidole kimoja cha rangi, kishikilie mbele ya ukuta kwenye mwanga uleule, sahihisha. Ukishapata rangi nne au tano, zipake kwa mkanda kulingana na uwingi wake: ile inayotawala ipe urefu wa sentimita 6, ya pili 3, zilizobaki nusu nusu. Andika nyuma tarehe, saa na mahali.

Kwa kuanzia: ukuta wa chokaa uliozeeka ni takriban sehemu 10 za nyeupe ya titani kwa 1 ya manjano ya oka, na nukta ya amba mbichi (kahawia iliyofifia) kuuzima. Mbao zenye sifa ni siena iliyochomwa (kahawia nyekundu) na buluu ya ultramarini kiasi sawa. Hiyo inakupa weusi wenye joto, ulio hai kuliko nyeusi ya tyubu. Kutu mbichi ni siena iliyochomwa na chungwa kidogo, na kutu ya zamani ni ileile iliyozimwa na ultramarini.

Soma namba ya rangi nyuma ya tyubu, si jina la mbele. PW6 ni titani, PB29 ni ultramarini, PY42 na PY43 ni oka. Tyubu isiyo na namba ifanyie jaribio: paka mkanda, funika nusu kwa karatasi ya foili, bandika dirishani panapopigwa na jua miezi mitatu. Nyekundu na waridi za bei rahisi ndizo zinazokimbia kwanza.

Kwenye kitambaa

Kama unatumia marekani (kitambaa cha pamba) badala ya kanvasi ya dukani, ni sawa, lakini wamba kitambaa kikiwa kikavu, kisha paka praima mikono miwili, wa pili ukikata wa kwanza, na msasa namba 220 katikati. Nimeona kwenye mchoro uliotuma vumbi la rangi kwenye kona, na nadhani ni emulsheni ya nyumba ya daraja la chini. Ina chaki nyingi na gundi kidogo. Jaribu hivi: paka kwenye kipande, kikae wiki, sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikitoka na rangi, hiyo si ya mchoro. Na ukiizimua akriliki kwa maji tu hadi nusu kwa nusu juu ya uso usionyonya, utapata vumbi hilohilo hata kwa rangi nzuri, kwa sababu gundi imetawanyika mno. Ukitaka nyepesi sana, ongeza midiamu ya akriliki (gundi ya rangi hiyo isiyotiwa rangi) badala ya maji.

Tope ninaloliona katikati ya mchoro ulioutuma lina sababu moja: umeburuta chungwa juu ya buluu ambayo haijakauka. Rangi mbili zinazopingana zikikutana mbichi huuana. Safu nyembamba ya akriliki hukauka juu kwa dakika 20 hadi 30 kiangazi. Wakati wa masika, hewa ya pwani ikiwa imejaa maji, hesabu mara mbili. Iguse kwa mgongo wa kidole. Ikiwa baridi, bado ni mbichi chini.

Ukitaka ile athari ya safu zinazochungulia chini ya safu, kama ukuta uliobambuka, tumia kijembe cha mpira cha kusafishia vioo, chenye upana wa sentimita 25. Safu ya chini ikauke kabisa. Mwaga rangi ya juu kwa mstari kwenye ukingo: kwa kitambaa cha 60 kwa 80 mililita 60 hadi 80 zinatosha, yaani vijiko vinne au vitano vya chakula. Lalia kijembe kama nyuzi 30 hadi 45 kutoka kwenye uso, vuta mara moja bila kusimama, na ulegeze mkono pale unapotaka rangi iruke na safu ya chini ionekane. Ukisimama katikati, pale uliposimama patabaki mstari. Ukirudia mara ya pili mara moja, unafuta kila kilichotokea mara ya kwanza. Kichelewesho cha kukauka kiwe kidogo kama chupa inavyoelekeza. Kikizidi rangi inabaki inanata wiki nzima na vumbi lote la mtaa linahamia hapo.

Gerhard Richter wa Ujerumani ndiye aliyefanya mburuto huo ujulikane duniani, ila yeye alitumia rangi ya mafuta, iliyompa siku nzima pale ambapo wewe una dakika kumi. Usijaribu kumfuata hatua kwa hatua. Kinachokufaa zaidi kutoka kwake ni Atlas, mkusanyo wa picha, vipande vya magazeti na vijichoro alioanza kuupanga kwenye mabango miaka ya 1960 na ambao sasa una mabango zaidi ya 800. Jambo jingine: kuanzia miaka ya 1980 alikuwa akichukua picha za kawaida zilizosafishwa dukani na kuziburuta kwenye rangi iliyobaki kwenye kijembe mwisho wa kazi ya siku. Rangi inafunika nusu ya picha, nusu inabaki. Hilo jaribu kesho, halina gharama. Chukua zile nakala za 10 kwa 15 ulizozikataa, zigandamize kwenye rangi iliyobaki, uvute. Kwa kumi utakazofanya, nane za kutupa, mbili zitakuonyesha ni sehemu gani ya picha ulikuwa huihitaji.

Kuna na njia ya Julie Mehretu, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1970 na anayefanya kazi Marekani. Katika michoro yake ya miaka ya karibuni huchukua picha za habari, za ghasia au za moto, huzitia ukungu kwa kompyuta hadi watu na majengo hawatambuliki, ukungu huo akaupuliza kwenye kitambaa kwa bomba la rangi, kisha akachora alama zake juu. Picha imebaki kama joto tu, ila imebaki. Ukitaka kujaribu kwa simu, tia ukungu hadi ukiishika kwa mkono ulionyooka usiweze kusema ni picha ya nini, lakini bado unaweza kusema mwanga unatoka wapi. Hapo ndipo pa kuacha. Anza na picha zako mwenyewe, si za mpiga picha wa gazeti, ambaye ana haki zake.

Kwa nini leo inafanana na jana

Mkono una mazoea yake. Ukiuachia bila swali utarudi kwenye arki ileile, kona ileile, na kwako naona ni mstari wa kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, umo kwenye mchoro ulioutuma mara nne. Picha inatakiwa iuzuie mkono mahali pamoja.

Chukua picha moja kwa wiki, moja tu. Kata kadibodi ngumu au hadibodi vipande vitano vya sentimita 15 kwa 20, vipake praima. Jumatatu chukua kwenye picha mgawanyo wa weusi na weupe tu, kwa rangi mbili zozote. Jumanne chukua mpaka mmoja tu, ule unaopita kati ya shahamu na sifa, ukuzwe hadi uvuke kipande chote. Jumatano tumia mkanda wa rangi wa kadi yako bila umbo lolote la kwenye picha. Alhamisi mikwaruzo tu: mchanga kwenye midiamu, kisu, msasa. Ijumaa usichukue chochote, chora kwa kukumbuka vinne vilivyotangulia. Kila kimoja kisizidi dakika 40. Kwa kawaida cha Jumanne na cha Ijumaa ndivyo vinavyofaa kwenda kwenye kitambaa kikubwa, na cha Jumatano ndicho kinachoudhi zaidi, kwa sababu rangi bila umbo hufichua haraka kama unajua kuchanganya au unabahatisha.

Vyote vitano vipe namba ya picha iliyovizaa, vibandike pamoja kwenye bango moja. Baada ya miezi sita una mabango 26, na hapo utaona mazoea yako bila kuambiwa na mtu.

Kuupiga picha mchoro

Hapa ubunifu uweke chini. Piga kabla ya kupaka vanishi ya kung'aa, kwa sababu vanishi ndiyo mama wa mng'ao.

Mahali pazuri kwako ni upande wa nyumba wenye kivuli, kwenye uwazi, saa tatu hadi saa nne asubuhi, au siku ya wingu wakati wowote wa mchana. Usipige barazani penye ukuta uliopakwa kijani wala karibu na mabati ya rangi. Mwanga unaodunda hapo unaupaka mchoro wako upya. Udongo mwekundu na nyasi zina kosa hilohilo kutoka chini: tandika kitambaa cheusi mbele ya mchoro. Wewe mwenyewe usivae shati la rangi kali.

Simamisha mchoro wima kabisa, tumia pima maji. Lenzi iwe kwenye kimo cha katikati ya mchoro. Ili kujua kama simu iko sambamba, bandika kioo kidogo cha mfukoni kikiwa bapa katikati ya mchoro, kisha sogeza simu hadi uone lenzi yake katikati ya kioo na katikati ya skrini kwa pamoja. Toa kioo, usiguse stendi. Simama mita 1.5 hadi 2 na utumie kukuza mara 2, kama simu yako ina lenzi halisi ya hiyo. Ukisogea karibu na kamera kuu, pande za mchoro zinavimba.

Zima flashi, zima HDR (simu kuunganisha picha kadhaa kuwa moja), zima kila kinachoitwa "boresha". Ingia kwenye hali ya kitaalamu: ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100 au ya chini kabisa, weupe karibu na 5500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), kihesabu cha sekunde 2 ili kidole kisitikise. Piga kwanza ukiwa umeweka kadi ya kijivu ya asilimia 18 kwenye ukingo wa mchoro, kisha piga bila kadi kwa mpangilio uleule. Kadi ndiyo utakayotumia baadaye kusahihisha weupe. Bila kadi, mchoro wako wenye rangi ya chungwa tupu simu inauona kama kosa la taa na kuupoza. Kama simu inaweza kuhifadhi faili ghafi (RAW), ihifadhi.

Ukilazimika kutumia taa, ziwe mbili za aina moja, kila upande moja, kwa nyuzi 45 na umbali sawa. Kwa mchoro wa 60 kwa 80, mita 1.5 inatosha. Simamisha penseli wima katikati ya uso: vivuli viwili vikilingana kwa urefu na weusi, taa zimelingana. Zima taa nyingine zote za chumba. Balbu za kawaida za 6500K zenye CRI (kipimo cha uaminifu wa taa kwa rangi) ya 80 huua nyekundu, tafuta za CRI 95. LED za bei rahisi hupepesa na kuacha milia kwenye picha. Ukiweka mwendo wa kamera (muda wa kupokea mwanga) wa 1/50 au 1/25 ya sekunde, milia hupungua.

Mng'ao ukibaki hata kwa nyuzi 45, na kwa weusi mnene wenye mafuta utabaki, weka karatasi za polaroidi (zinazopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu) mbele ya taa zote mbili zikielekea upande mmoja, na kichujio cha polaroidi kwenye lenzi ukikizungusha hadi mng'ao ufe. Kinafanya kazi vizuri mno, hadi rangi zinaonekana nzito kuliko zilivyo. Kirudishe kidogo.

Sasa buluu yako. Ultramarini na kobalti, pamoja na buluu tunayoiona, huakisi pia wekundu wa mbali kabisa, ambao jicho letu halijali lakini sensa ya kamera huuona kwa kiasi fulani. Ndiyo zambarau yako. Hujakosea kuchora. Usisahihishe picha nzima, maana utaharibu kutu. Kwenye programu ya kuhariri chagua buluu peke yake, sogeza rangi yake kidogo kuelekea samawati, na ulinganishe na mchoro wenyewe ukiwa kwenye kivuli kilekile cha mchana, mwanga wa skrini nusu, na kile kichujio cha usiku kinachofanya skrini iwe ya njano kikiwa kimezimwa.

Faili kubwa ihifadhi bila kuigusa. Ya kumtumia mteja iwe JPEG ya sRGB (mfumo wa rangi wa skrini za kawaida), upande mrefu pikseli 2000. Kwa uchapishaji wa pikseli 300 kwa inchi, kamera ya megapikseli 24 yenye picha ya 6000 kwa 4000 inakupa takriban sentimita 51 kwa 34, si zaidi. Ongeza picha mbili: ya kipande cha sentimita 15 kikiwa na mwanga wa ubavu ili mikwaruzo ionekane, na ya ukingo wa fremu. Jina la faili liwe na mwaka, namba, kichwa na vipimo, usiache IMG na tarakimu.

Ile waridi inayowaka uliyopaka juu kulia haitafika kwenye skrini ya mteja hata ukifanya yote haya, kwa sababu rangi za aina hiyo hugeuza mwanga usioonekana kuwa mwanga unaoonekana, na skrini haina pa kuiweka. Mwandikie chini ya picha kwamba kwa macho ni kali zaidi, na umtumie kipande cha kadi kilichopakwa rangi hiyohiyo ndani ya bahasha.